Amri ya Mungu au Mazoea?

Mwaka 1899 jarida moja la Berlin lilichapa makala fupi ya Oskar Baumann, msafiri wa Vienna aliyekuwa balozi mdogo wa Austria huko Unguja. Alieleza habari za wanaume wawatamanio wanaume na wanawake wawatamanio wanawake, akawagawa mafungu mawili: waliozaliwa hivyo, na waliovutwa na mazoea. Kwa mazoea aliwalaumu Waarabu. Wazungu wa zama zile walipenda kulitafutia kila jambo mgeni wa kulileta, wakijisahau wenyewe. Hata hivyo aliandika neno lenye thamani kuliko hukumu yake, ya kwamba wenyeji walikwisha kupambanua mafungu hayo, na lile la kwanza waliliita amri ya Mungu.

Huko Austria kwao, Krafft-Ebing alikwisha kuiandika hali hiyo katika kitabu cha maradhi mwaka 1886. Freud akafuata mwaka 1905, akitafuta chanzo katika utoto. Mwaka 1962 Irving Bieber wa New York alimshitaki mama mwenye mapenzi ya kupita kiasi na baba aliye baridi. Lakini aliowachungua walikuwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa, na mwenye kupima afya ya mji hospitalini hukuta mji mzima mgonjwa. Miaka mitano kabla yake, Evelyn Hooker aliwapa mabingwa majibu ya wanaume 60, nusu yao wenye kupenda wanaume, wasiwaambie nani ni nani. Mabingwa wakashindwa kuwatenga. Mwaka 1973 madaktari wa akili wa Marekani waliiondoa hali hiyo katika orodha ya maradhi. Uchunguzi wa mwaka 2019, wa watu karibu laki tano, uliona urithi wa damu una sehemu yake, lakini umetawanyika, na pekee hautoshi kumtabiri mtu.

Sheria haikungoja elimu. Mwaka 1930, gavana wa Kiingereza akikaa Magogoni, Tanganyika ilipewa Kanuni ya Adhabu iliyoweka kifungo cha miaka 14. Baada ya uhuru nyumba ile ya ufukoni ikawa Ikulu, na kanuni ikarithiwa pamoja nayo. Mwaka 1998 adhabu ikapandishwa, isipungue miaka 30, na yaweza kuwa maisha. Barazani Kariakoo watu wangali wakishindana kama mtu huzaliwa hivyo au hufunzwa. Hakimu hana haja ya jibu lao: kifungu cha 154 chauliza tendo, hakiulizi chanzo, na aliye kizimbani hapunguziwi hata siku moja kwa kuwa wazee wa Unguja walimwita amri ya Mungu.