Askari wa Risasi katika Uwanja wa Waterloo

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo wanahistoria huzipita bila ya kuzitazama ni ile ya kutengeneza mfano mdogo wa uwanja wa vita. Aghalabu kazi hiyo huhesabiwa kuwa ni mchezo wa watoto, au burudani ya watu wazima wenye wakati mwingi. Lakini mtu atakaye kumsimamisha askari mmoja wa madini juu ya kilima cha plasta hana budi kujibu swali ambalo mwandishi wa kitabu aweza kulikwepa kwa sentensi moja nzuri. Askari huyu alisimama mahali gani hasa, saa ngapi, akielekea upande upi? Kalamu yaweza kusema kuwa jeshi lilikuwa karibu na kijiji, na msomaji akaridhika. Mkono hauwezi kuweka kitu karibu tu. Lazima ukiweke mahali pamoja na kukiacha hapo, watu wote wakione. Kwa hiyo mfano wa vita ni hoja ya historia kama kitabu kilivyo hoja, na pengine ni hoja ngumu zaidi, maana hauna maneno ya kujifichia.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa uwazi ni ule wa vita vya Waterloo uliotengenezwa na William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza, baina ya mwaka 1830 na 1838.

Vita vyenyewe vilipiganwa siku ya Jumapili, tarehe 18 Juni 1815, kusini ya Brussels katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Upande mmoja alikuwako Kaisari Napoleon na Wafaransa wapatao 73,000. Upande wa pili alikuwako Duke wa Wellington na watu wapatao 68,000, ambao si Waingereza peke yao. Walikuwamo Waholanzi, Wabelgiji na Wajerumani wengi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ardhi ilikuwa tope. Watu waliuana mbele ya nyumba ya shamba ya Hougoumont tangu kabla ya adhuhuri, na baadaye mbele ya ile ya La Haye Sainte. Alasiri Waprusi wa Jemadari Blücher walianza kuingia kutoka mashariki, wakakishambulia kijiji cha Plancenoit nyuma ya mkono wa kulia wa Napoleon. Jioni, kiasi cha saa moja na nusu, Napoleon alipeleka mbele vikosi vya Walinzi wake, askari aliokuwa amewaweka akiba. Walinzi walirudishwa nyuma, na jeshi lote la Wafaransa likavunjika. Kabla ya usiku kuwa mkubwa, watu zaidi ya 40,000 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Siborne hakupigana siku hiyo. Alizaliwa 1797, akaingia jeshini 1813, na alipelekwa Ufaransa mwaka 1815 pamoja na jeshi lililokalia nchi baada ya ushindi. Sifa yake ilitokana na elimu ya kupima ardhi. Mwaka 1822 na 1827 alichapisha vitabu juu ya upimaji na uchoraji wa nchi kwa matumizi ya jeshi. Kwa hiyo mwaka 1830, wakuu wa jeshi walipotaka mfano wa uwanja wa Waterloo utengenezwe, walimchagua mtu aliyejua kazi. Siborne alikwenda kukaa katika nyumba ya shamba ya La Haye Sainte, mahali ambapo damu nyingi ilimwagika, akapima bonde na mgongo wa kilima kwa muda wa miezi minane.

Ugumu wa kwanza ulimkabili papo hapo. Uwanja haukuwa tena kama ulivyokuwa. Ili kuadhimisha mahali alipojeruhiwa Mwana wa Mfalme wa Uholanzi, udongo mwingi ulikuwa umechotwa katika kilima alichokilinda Wellington, ukarundikwa kuwa kichuguu kikubwa chenye simba juu yake, kilichomalizika 1826. Ukumbusho wa vita ulikuwa umekula sehemu ya mahali pa vita.

Ugumu wa pili ulikuwa watu. Mfano hauwezi kuonyesha siku nzima. Lazima uchague dakika. Siborne alichagua wakati wa jioni Walinzi wa Napoleon walipokuwa wakiufikia ukingo wa kilima. Kisha akawaandikia barua maofisa waliopigana, akawauliza: kikosi chako kilijipanga namna gani wakati huo? Adui mbele yako alikuwa katika sura gani? Hata mimea iliyokuwa shambani aliiulizia. Kiswahili kinasema wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi za Waterloo zilikuwa mashamba ya nafaka yaliyokuwa karibu kuvunwa, marefu kuweza kumficha mtu asubuhi, na jioni yamelala chini yote. Mtu wa kutengeneza mfano hawezi kuyasahau, kwa sababu ni lazima ajue wapi pa kupaka rangi ya mmea uliosimama na wapi pa kupaka rangi ya tope.

Majibu yalimjia kwa mamia. Haujapata kukusanywa kabla yake ushahidi mwingi kiasi hicho juu ya vita vya siku moja, na wanahistoria wanautumia mpaka leo. Mwanawe alichapisha sehemu ya barua hizo mwaka 1891. Lakini barua hazikupatana. Watu wawili waliosimama hatua chache baina yao, kila mmoja aliapa kuwa ni kikosi chake kilichowavunja Walinzi. Miaka ishirini au karibu yake ilikuwa imepita. Mwenye kukumbuka alikuwa pia mwenye kujisifu, na mwenye kunyamaza pengine ndiye aliyeona zaidi. Penye wengi pana mengi. Mwandishi wa kitabu angeweza kuziweka kauli mbili bega kwa bega akamwachia msomaji ahukumu. Siborne hakuwa na nafasi hiyo, kwani kikosi kimoja hakiwezi kusimama mahali pawili juu ya meza moja.

Kazi ya mikono ilikwenda kwa taratibu yake. Kwanza ilitengenezwa ardhi, vipande vipande viwezavyo kuunganishwa na kuchukuliwa, miinuko na mabonde kwa plasta. Yakafuata barabara, nyua, bustani na nyumba. Mwisho waliwekwa askari, sanamu zilizosubiwa kwa bati na risasi, urefu wa milimita 10 tu, kisha zikapakwa rangi za sare za mataifa yao. Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini hayo na kwa kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki. Madini yaliyowaua watu wa Waterloo ndiyo yaliyowasimamisha tena.

Kipimo cha ardhi kilikuwa futi 9 kwa maili moja, yaani kadiri ya moja kwa mia sita. Kwa kipimo hicho mtu wa kawaida asingezidi milimita 3, na mtazamaji asingeona kitu ila vumbi la rangi. Ndiyo sababu askari walifanywa wakubwa zaidi ya mara tatu kuliko nchi waliyosimama, na kwa kuwa wakubwa walijaza nafasi upesi, hata sanamu moja ikawa badala ya watu wawili hivi. Hata hivyo ziliwekwa zaidi ya 70,000. Hapa pana somo kwa kila mwenye kuandika historia. Ukweli wa ardhi na ukweli wa watu havikuweza kuingia katika kipimo kimoja. Ili askari waonekane, ilibidi nchi ipunjwe. Lau nchi ingepewa haki yake, watu wangepotea.

Mwaka 1833 serikali ilikataa kuendelea kulipa. Siborne hakuiacha kazi. Alikopa, akatumia mali yake, na gharama zikafika pauni 3,000, fedha nyingi mno kwa ofisa wa cheo chake. Mtu mwenye deni huhitaji rafiki wenye nguvu, na rafiki hao ndio aliokuwa karibu kuwapoteza.

Shauri lilikuwa Waprusi. Siborne aliwauliza pia wakuu wa jeshi lao, akapewa maelezo, na kwa mujibu wa maelezo hayo aliwapanga maelfu ya askari wa Blücher ndani ya uwanja katika saa ile ile Walinzi walipokuwa wakipanda kilima. Mtu aliyeutazama mpango huo alielewa bila ya kuambiwa kuwa Napoleon alikuwa amebanwa pande mbili kabla ya pigo la mwisho. Wellington mwenyewe, katika taarifa yake ya tarehe 19 Juni 1815, alikiri msaada wa Waprusi kwa heshima. Lakini kukiri kwa maneno ni jambo moja, na kuwaona wamejaa mezani ni jambo jingine. Mwaka 1836 Siborne alifahamishwa kuwa kwa maoni ya Wellington mpango wake ungewapotosha watazamaji juu ya namna ushindi ulivyopatikana. Mwishowe Siborne aliwarudisha nyuma Waprusi na kuziondoa maelfu mengi ya sanamu zao.

Kwa nini alifanya hivyo? Wako wanahistoria wanaosema kuwa alishindwa na nguvu ya mtu mkubwa. Wengine wanasema kuwa alipopata ushahidi zaidi alikubali kuwa amewasogeza Waprusi mbele mno kwa saa aliyoichagua. Huenda sababu zote mbili zilikuwa na nafasi yake. Mtu mwenye madeni aweza kupewa hoja iliyo sahihi na mtu anayemwogopa, na asijue yeye mwenyewe ni kipi kilichomgeuza, hoja au hofu. Jambo lililo wazi ni kuwa swali zima lilikuwa la dakika chache na mita mia kadhaa. Katika kitabu tofauti hiyo ingekaa katika neno "baadaye" au "wakati huo huo". Katika mfano iliamua ni taifa gani litaonekana kuwa ndilo lililoshinda.

Wellington alikuwa ameliona jambo hili mapema. Katika barua ya Agosti 1815 alimwambia mtu aliyetaka kuandika habari za vita hivyo kuwa historia ya vita yafanana na historia ya dansa: mtu aweza kuyakumbuka mambo madogo madogo, lakini hakuna awezaye kukumbuka yalifuatana vipi na kila moja lilitokea dakika gani; na hapo ndipo penye tofauti yote. Maneno hayo yana hekima, tena yanamfaa mshindi. Ikiwa hakuna awezaye kujua mpango wa mambo, basi taarifa ya jemadari itabaki bila ya mpinzani. Siborne aliyakataa kwa vitendo. Aliamini kuwa mashahidi wa kutosha wakiulizwa kwa uangalifu, dakika yaweza kupatikana.

Mwaka 1838 mfano ulifunguliwa kwa watu katika jumba la maonyesho la Piccadilly, London. Watu wapatao 100,000 walilipa shilingi moja moja kuutazama. Hata hivyo Siborne hakutoka katika madeni, na serikali haikuununua. Alitengeneza mfano wa pili, wa kipimo kikubwa zaidi, na mwaka 1844 akatoa kitabu chake juu ya vita vya 1815, ambacho Waholanzi walikilalamikia kwa namna kilivyowaeleza askari wao. Alikufa 1849.

Lawama iliyo nzito zaidi kwa kazi yake, hata hivyo, haimhusu Mprusi wala Mholanzi. Siborne aliwaandikia maofisa. Sanamu zaidi ya 70,000 juu ya meza yake karibu zote zilikuwa za askari wa kawaida, na mahali pa kila kikosi palithibitishwa kwa maneno ya watu wachache waliopanda farasi au kushika upanga. Askari waliobeba bunduki wengi walikuwa hai bado katika miaka ya 1830, lakini mzunguko wa barua haukuwafikia. Hivyo mfano ulioheshimu watu wadogo kwa kuwapa kila mmoja mwili na rangi uliwanyima ushahidi. Kosa hili si la Siborne peke yake. Ni desturi ya historia iliyoandikwa kutoka makao makuu, na haijaisha popote.

Tangu 2015 wachimbaji wa mambo ya kale, wakifuatana na askari waliopata kupigana katika vita vya siku hizi, wamekuwa wakiufukua uwanja wa Waterloo. Risasi zilizoanguka zinaonyesha palipopigwa bunduki, na hazina cheo wala deni. Mwaka 2022, huko Mont-Saint-Jean, palipokuwa hospitali ya Wellington, ilipatikana mifupa ya mtu karibu na mifupa ya farasi. Jina lake halijulikani. Huyo ni shahidi ambaye Siborne asingeweza kumwandikia.

Mfano wake wa kwanza ungalipo, katika Jumba la Makumbusho ya Jeshi huko Chelsea, London. Mwanafunzi wa historia aendaye kuutazama asiishie kustaajabia udogo wa sanamu na uvumilivu wa fundi. Atazame upande wa mashariki wa meza, penye nafasi iliyo tupu kuliko ilivyokusudiwa hapo mwanzo, na ajiulize kuhusu kila kitabu anachokisoma: nani aliondolewa hapa, na kwa ushahidi wa nani?