Kidaka na Susu: Mahali pa Chombo katika Nyumba ya Pwani

Msomaji azuruye Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ataona nguzo za makaburi ya kale zilizopata kupambwa kwa vyombo vya kaure kutoka Uchina. Nguzo za Kaole, karibu na Bagamoyo, nazo zilipambwa vivyo. Vyombo hivyo havikutundikwa. Vilipachikwa ndani ya ukuta wenyewe. Na majumbani pia mambo yalikuwa karibu na hayo.

Nyumba ya mawe ya pwani ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na unene wa ukuta wake aghalabu hukaribia nusu mita. Katika unene huo fundi aliacha uwazi wa kuweka taa, msahafu au bakuli. Uwazi huo ndio kidaka, au shubaka kama wengine walivyozoea kusema. Haukuhitaji msumari wala ubao. Huko Lamu, katika nyumba za karne ya 18, vidaka vilipangwa safu juu ya safu katika chumba cha ndani, vikazungushiwa nakshi za chokaa. Bagamoyo, ambako nyumba nyingi za mawe zilijengwa karne ya 19, zama za misafara ya pembe na watumwa, kuta nene ziliruhusu ufundi uo huo.

Habari za vidaka zimeandikwa sana, na zinastahili. Lakini twauliza: jikoni je? Bakuli la kaure lilipata mahali pa heshima. Chungu kilichoilisha nyumba nzima kiliwekwa wapi? Aliyekipakua alikuwa mwanamke, na katika zama zile mara nyingi mjakazi. Waandishi wengi waliohesabu vidaka hawakufika kwenye mafiga.

Isitoshe, watu walio wengi hawakukaa katika nyumba za mawe. Nyumba yao ilikuwa ya miti na fito zilizofungwa kwa kamba, kisha ikakandikwa udongo. Ukuta huo ni mwembamba, hauchimbiki kidaka. Msumari nao hauushiki, kwani udongo humomonyoka. Chango ya kutundikia sharti ipate mti ulio ndani. Ndiyo maana mzigo haukutwikwa ukuta, bali paa. Kamba za usumba zilisukwa zikawa kama wavu, zikaning'inizwa kwenye boriti, na ndani yake kikakaa chungu cha mchuzi au samaki aliyebaki. Hilo ndilo susu. Paka hakulifikia, panya hakulipanda kwa urahisi, na upepo uliopita ulikipoza chakula. Juu ya moto paliwekwa uchaga wa fito, ambapo moshi uliikausha nafaka na kuwafukuza wadudu. Kwa maoni yetu, hekima ya uchaga haipungui ile ya kidaka, ijapokuwa haina nakshi.

Leo fundi seremala wa Bagamoyo hutoboa ukuta wa matofali ya saruji, akakaza kabati la mbao juu ya meza ya jikoni, na kazi hiyo ni njema. Vipande vya kaure vya makaburini vimehifadhiwa katika makumbusho. Susu, kamba zake zilipooza, lilitupwa motoni, na likapikiwa chakula cha siku hiyo.