KUTOKA ZAO LA PEMBENI HADI CHOMBO CHA UTAFITI: HISTORIA YA PROTINI YA KIJANI ING'AAYO KATIKA UCHUNGUZI WA JENI, 1961–2002

1. Utangulizi

Kila seli hubeba jeni nyingi, lakini si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Jeni husemwa kuwa imedhihirika pale maagizo yaliyomo katika DNA yake yanaponakiliwa na, kwa kawaida, kutumiwa kuunda protini. Kujua ni jeni ipi imedhihirika, katika seli ipi na kwa wakati gani, ni miongoni mwa maswali ya msingi ya biolojia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, njia zilizotumika kulijibu zilikuwa na mipaka. Aliyetumia jeni ya bakteria iitwayo lacZ katika tishu za wanyama alipata rangi ya buluu mahali jeni ilipofanya kazi, lakini kwa kawaida ilimbidi aziue seli kwanza kwa kemikali za kuzihifadhi. Aliyetumia lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli, alilazimika kuzipatia seli kemikali nyingine, lusiferini, ndipo mwanga utokee.

Makala haya yanafuatilia jinsi protini ya kijani ing'aayo, ijulikanayo kwa kifupi chake GFP, ilivyoondoa vikwazo hivyo. Hoja kuu ni kwamba GFP haikuwa chombo cha utafiti siku ilipogunduliwa. Ilipata hadhi hiyo miaka zaidi ya 30 baadaye, pale dhana moja iliyokubaliwa na wengi bila kupimwa ilipoanguka. Na dhana hiyo isingeweza kupimwa kabla ya jeni yenyewe kupatikana na kugawiwa wengine.

2. Zao la pembeni

Mwaka 1961, Osamu Shimomura, mkemia Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Princeton pamoja na Frank Johnson, alisafiri hadi Friday Harbor, katika pwani ya Pasifiki ya Marekani. Huko walivua yavuyavu wapatao 10,000 wa spishi ya Aequorea victoria, ambao kingo za miili yao hutoa mwanga. Walichokitafuta kilikuwa chanzo cha mwanga huo, nao walikipata: protini iitwayo aikworini, ambayo hutoa mwanga wa buluu ikutanapo na kalsiamu. Katika ripoti yao ya mwaka 1962, protini nyingine, iliyong'aa kijani chini ya miale ya urujuanimno, ilitajwa kwa ufupi tu.

Utajo huo mfupi ulibeba fumbo: kwa nini yavuyavu hung'aa kijani ilhali aikworini hutoa mwanga wa buluu? Mwaka 1971, James Morin na Woodland Hastings walieleza kuwa nishati ya protini ya kwanza hupokelewa na ile ya pili, ambayo huitoa tena kwa rangi ya kijani. Mwaka 1979 Shimomura alipendekeza muundo wa kiini king'aacho cha GFP, na ikabainika kuwa kiini hicho ni sehemu ya mnyororo wa protini yenyewe. Hata hivyo, wengi walidhani kuwa mabadiliko ya kikemia yanayokiunda yanahitaji vimeng'enya maalumu vya yavuyavu. Ikiwa ndivyo, kuihamishia jeni ya GFP katika kiumbe kingine kusingeleta mwanga wowote.

3. Jeni na ukomo wa ufadhili

Mtu aliyeipata jeni hiyo ni Douglas Prasher, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole, Massachusetts, kwa ruzuku ya Shirika la Saratani la Marekani. Mwaka 1992 alichapisha mfuatano wake, ambao huongoza uundaji wa protini yenye asidi amino 238. Kufikia hapo ruzuku yake ilikuwa imefika ukomo, wala hakupata nyingine ya kumwezesha kuuendeleza mradi. Kabla ya kuiacha kazi hiyo, aliwapelekea nakala za jeni watafiti wawili waliokuwa wameziomba: Martin Chalfie wa Chuo Kikuu cha Columbia na Roger Tsien wa Chuo Kikuu cha California, San Diego.

Hatua hii yastahili kupimwa kwa uzito wake. Prasher angaliweza kuihifadhi jeni akingoja ufadhili mwingine. Kwa kuitoa, aliwapa wengine nafasi ya kuijaribu dhana ambayo yeye hakuwa tena na uwezo wa kuijaribu.

4. Jaribio lililoiangusha dhana

Chalfie alisikia habari za GFP katika mhadhara wa mwaka 1989, naye aliona mara moja manufaa yake kwa mnyoo aliyemchunguza, Caenorhabditis elegans, ambaye mwili wake hupitisha mwanga. Mwaka 1992, mwanafunzi Ghia Euskirchen aliiingiza jeni ya GFP katika bakteria E. coli. Alinakili sehemu inayoandika protini peke yake, bila vipande vya ziada vya DNA vilivyoizunguka. Bakteria waling'aa kijani. Hakuna kimeng'enya cha yavuyavu kilichohitajika.

Matokeo hayo, pamoja na yale ya mnyoo, yalichapishwa Februari 1994. Katika mnyoo, jeni ya GFP iliunganishwa na sehemu ya DNA inayowasha jeni ya mec-7, na seli za neva zinazohisi mguso zikaonekana ziking'aa ndani ya mnyama aliye hai. Mwaka huohuo, Satoshi Inouye na Frederick Tsuji waliripoti, kwa njia yao wenyewe, kuwa GFP hung'aa ndani ya bakteria.

5. Uboreshaji na tahadhari

Kikundi cha Tsien kilionyesha mwaka 1994 kuwa kiini king'aacho huhitaji oksijeni ili kikamilike. Mwaka uliofuata, kwa kubadili asidi amino moja tu, ya nafasi ya 65, walipata protini yenye mwanga mkali zaidi na inayokomaa haraka zaidi. Rangi nyingine zilifuata, na mwaka 1999 watafiti wa Moscow waliripoti protini nyekundu iliyotokana na matumbawe.

Lakini mwanga si jeni yenyewe. Protini huchukua muda kukomaa, hivyo mwanga huchelewa kuonekana baada ya jeni kuwashwa; na kwa kuwa GFP ni imara, mwanga hubaki hata baada ya jeni kuzimwa. Ndiyo maana mwaka 1998 ziliripotiwa aina zinazovunjwa upesi ndani ya seli. Mwaka 2002, Michael Elowitz na wenzake walitumia rangi mbili zilizoongozwa na viwashio vinavyofanana ndani ya bakteria mmoja. Tofauti za rangi kati ya seli zilidhihirisha kuwa utendaji wa jeni una bahati nasibu ndani yake. Swali hilo lisingejibiwa kwa kusaga mamilioni ya seli na kupima wastani wao.

6. Hitimisho

Mwaka 2008, Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa Shimomura, Chalfie na Tsien. Wakati huo Prasher alikuwa dereva wa kampuni ya magari mjini Huntsville, Alabama. Chalfie na Tsien walimgharamia safari ya Stockholm kuhudhuria sherehe. Tuzo hiyo haiwezi kugawanywa kwa zaidi ya watu watatu, na kanuni hiyo inaeleza kwa sehemu kukosekana kwa jina lake. Hata hivyo, mwanahistoria hafungwi na kanuni hiyo.

Ushahidi uliojadiliwa unaonyesha mnyororo wa hatua tatu: dutu, jeni na jaribio. Hatua ya kwanza bila ya pili ilibaki maarifa ya yavuyavu peke yake kwa miongo mitatu. Hatua ya tatu ilitegemea jeni iliyotolewa na mtu aliyeishiwa ufadhili. Kwa hiyo, historia ya chombo hiki inayopima mchango kwa orodha ya washindi peke yake huacha pengo mahali hasa ambapo protini ya baharini iligeuka kuwa chombo cha maabara.