Maswali ya Mazungumzo na Kiwango cha Mwanafunzi: Tulikotoka

Mwalimu anayeanza darasa la mazungumzo mjini Bujumbura hukutana na jambo ambalo vitabu vingi havikulitarajia. Kwenye benchi moja ameketi kijana wa Buyenzi aliyekizungumza Kiswahili tangu utotoni, na kando yake mwenzake kutoka upande wa Ngozi aliyekikuta shuleni. Swali moja haliwafai wote wawili. Ugumu huu una historia yake.

Kiswahili kilifika huku na misafara ya biashara ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, kikawa lugha ya askari, wapagazi na soko. Wabelgiji walishika nchi mwaka 1916 na Kifaransa kikatawala ofisini, lakini Buyenzi iliendelea kusema Kiswahili. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusanifisha lugha kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Ruanda-Urundi haikuwamo. Kiswahili cha mtaani kwetu kikakua jirani na Kirundi na kile cha Kongo, bila mkono wa Kamati.

Vitabu navyo vilikuwa na njia yao. Mwaka 1900 August Seidel alichapisha Ujerumani sarufi ya mazungumzo ya Kiswahili. Katika vitabu vya aina hiyo swali hufuata kanuni: umesoma ngeli, sasa ulizwa ngeli. Mageuzi yalitoka chuo cha lugha cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambako katika miaka ya 1950 ulianza usaili wa kuzungumza wenye ngazi 0 hadi 5. Msaili huanza na swali jepesi, hupanda hadi msailiwa akwame, kisha hushuka ili amuage akiwa na moyo. Chuo hicho ndicho kilichotoa kozi ya Kirundi ya mwaka 1965, iliyoandaliwa na Earl Stevick pamoja na Warundi. Mwaka 1971 Stevick aliandika kitabu kizima kuhusu kutunga na kurekebisha masomo ya lugha. Alipenda kipande kifupi: swali moja, majibu kadhaa, kisha mwanafunzi ajibu ukweli wake mwenyewe. Ulaya nayo ilitoa ngazi zake sita mwaka 2001.

Ngazi zote hizi hudhani kwamba ulimi na sarufi hupanda pamoja. Buyenzi haiko hivyo. Niliwahi kumwuliza kijana wa huko, "Hiki ni nini?" nikiwa nimeshika kalamu. Alicheka, na alikuwa na haki. Nikamwambia asimulie habari za soko la Ruvumera. Akatiririka, nami nikamkatiza kila aliposema "niko nauza". Baada ya dakika tatu alinyamaza, na hakufungua mdomo tena wiki ile. Kosa lilikuwa langu: nilimpa swali la juu, kisha nikampima kwa kipimo kingine.

Siku hizi mada hubaki moja, soko, na maswali ndiyo hubadilika. Mgeni wa lugha namwuliza, "Ulinunua ndagala au nyama?" Jibu limo ndani ya swali; anachagua tu, kisha namwongezea "Kwa bei gani?" na "Kwa nini hukununua nyama?" Huyu wa Buyenzi simkatizi. Anamaliza hadithi yake, halafu namwuliza, "Habari hiyo ungemwandikiaje mkuu wa soko?" Hapo ndipo anapohangaika, hata kuliko mwenzake, kwa sababu "ninauza" haimo kinywani mwake na herufi zinamsumbua.

Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, watu wa aina hizi mbili hukutana darasani mara nyingi zaidi. Muhula uliopita niliwaacha waulizane wenyewe. Yule wa Ngozi alianza: "Ndagala kitabuni zinaitwaje?" Mwenzake hakujua. "Dagaa," akajibiwa, naye akaliandika mara mbili.