Imprimanti moja, ordinatere ine: namna ya kuzifunga pamoja

Mu biro nyingi huku kwetu, Goma ao Bukavu, utakuta ordinatere ine na imprimanti moja. Mwenye kutaka karatasi anabeba kle USB, anasimamisha kazi ya mwenzake, na mara ingine anamwachia virusi. Hiyo safari si ya lazima. Na usiogope bei ya mega: rezo ya ndani si intaneti. Ruta ikiwaka tu, hata bila mega, mashini zinasikilizana.

Kuna njia mbili.

Ya kwanza, imprimanti inafungwa kwa kamba ya USB ku ordinatere moja. Mu Windows ya Kifaransa, hapo fungua « Propriétés de l'imprimante », kisha « Partage », weka alama pa « Partager cette imprimante », uipe jina fupi. Ordinatere zote ziwe ku rezo moja, na hiyo rezo iwekwe « Privé ». Ku zile zingine, fungua folda yoyote; kule juu, pa adresi, andika \\ na jina la ordinatere yenye imprimanti. Ikiomba jina na neno la siri, ni vile vya ordinatere hiyo. Ubaya wake: ikizimwa ao ikilala, hakuna mwenye atapata karatasi.

Ya pili, imprimanti yenye Wi-Fi ao tundu la kable ya rezo inafungwa moja kwa moja ku ruta. Ordinatere zinaitafuta kwa adresi yake, mfano 192.168.1.50. Adresi hiyo uiweke isibadilike. Bila hivyo, umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa ingine, na ordinatere zitaipoteza.

Karatasi ikikataa kutoka, usibonyeze mara tano. Kila mara ni kazi mpya mu foleni: imprimanti ikiamka, zote tano zinatoka, na wino unaisha bure. Fungua foleni kwanza, futa yenye ilikwama.

Jambo la mwisho, wengi wanalisahau. Karatasi inatoka mbele ya macho ya kila mtu. Majibu ya hospitali, listi ya mishahara, barua ya mashtaka: imprimanti zingine zinakubali kungoja hadi uingize namba ya siri. Kama yako haina, mtume kwanza mtu unayemwamini asimame pale, ndipo ubonyeze.