Upepo Kwenye Breki

Simama pale Salama, Mombasa Road inapopita Makueni, usikilize malori yakipunguza mwendo. Ule mlio wa tsss ni upepo. Mwaka 1869, Mmarekani George Westinghouse alitengeneza breki ya treni inayotumia upepo uliobanwa, na malori na mabasi makubwa bado yanaishi na wazo hilo.

Sasa cheki Probox ikiteremka kutoka Nunguni, imejaa watu na magunia. Hiyo haitaki upepo kabisa.

Gari ndogo za zamani zilifunga breki kwa vyuma na kebo. Gurudumu moja likishika kuliko lingine, gari inavuta upande. Malcolm Loughead, ambaye kampuni yake iliitwa Lockheed, akapata hataza ya breki za mafuta mwaka 1917. Mwaka 1921 Duesenberg wakaziweka magurudumu yote manne. Ford waling'ang'ania vyuma hadi modeli za 1939.

Siri ni kwamba mafuta hayabanwi. Ukikanyaga, msukumo unafika magurudumuni hapo hapo. Upepo nao unabanika. Ukiingia kwenye paipu, mguu wako unabana upepo badala ya padi, na pedali inazama kama godoro.

Ndiyo maana kuna hii kazi ya watu wawili ambayo hufanywa hadi nyumbani. Mmoja ndani, mwingine chini na spana, paipu ndogo ya plastiki na chupa.

"Pampu! Pampu! Shika!"

Wa ndani anashikilia pedali. Wa chini anafungua skrubu ya kutolea upepo, mapovu yanatoka, anafunga, kisha anasema, "Achilia." Wa ndani akiachilia kabla ya kuambiwa, upepo unarudi na mnaanza upya. Chombo cha mafuta nacho kisikauke. Kwa gari nyingi mnaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na chombo hicho.

Halafu kuna ujanja unaoua: kurudisha yale mafuta ya chupani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishakunywa maji, hata 140 yanaweza kuchemka. Mteremko wa Kilungu, mguu ukiwa kwenye breki muda wote, unaleta joto. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika kama upepo tu. Kesho yake tunasoma ati "breki zilifeli," kana kwamba ziliamua zenyewe.

Sheria za Michuki, Februari 2004, zilileta mikanda na vidhibiti mwendo kwenye matatu. Askari anaviona akichungulia dirishani. Kilicho ndani ya paipu hakioni. Hicho kinajulikana na wale wawili tu, wa pedali na wa spana.

Kwa hivyo kabla ya kushuka Nunguni, kanyaga pedali gari ikiwa imesimama. Ikizama, wateremshe abiria. Afadhali wakutukane huko juu.