Drexciya: Wanamuziki walioficha sura zao na kujenga taifa chini ya bahari

Msikilizaji, kuna muziki ambao ukipigwa redioni mtu wa kwanza anauliza, "Huu ni muziki wa aina gani?", na wa pili anauliza, "Nani anaimba?" Kwa kundi la Drexciya maswali yote mawili ni magumu kujibu. Mara nyingi hakuna anayeimba, na wenyewe hawakutaka kuonekana. Hapa tunaeleza kwa kifupi walikuwa nani na kwa nini wanakumbukwa mpaka leo.

Walikuwa nani?

Drexciya lilikuwa kundi la watu wawili, Wamarekani weusi wa mji wa Detroit: James Stinson na Gerald Donald. Detroit ni mji wa viwanda vya magari. Katika miaka ya 1980 vijana weusi wa mji huo na vitongoji vyake, akiwemo Juan Atkins, walianzisha muziki wa mashine unaoitwa tekno.

Drexciya walitoa santuri yao ya kwanza mwaka 1992. Hawakuweka picha zao kwenye majalada, walihojiwa kwa nadra sana, na kwa muda mrefu hata mashabiki hawakujua majina yao. Walishirikiana na Underground Resistance, kundi na lebo ya Detroit ambayo wanamuziki wake walifunika nyuso wakiwa jukwaani. Msimamo wao ulikuwa kwamba watu wausikilize muziki, wasihangaike na sura ya mpigaji.

Muziki wao ukoje?

Ngoma inapigwa na mashine, hasa ile ya Kijapani iitwayo Roland TR-808, ambayo besi yake ni nzito na ya kutikisa. Juu yake kuna sauti za vinanda vya umeme zinazobubujika kama maji, na mara chache sauti ya mtu anayezungumza kama rubani au nahodha.

Wengine wanauita tekno, wengine elektro. Lakini kibao kimoja kinaweza kuwa cha kasi na hasira, na kinachofuata kikawa kitulivu kama maji ya ziwa asubuhi. Tena Stinson alitoa kazi nyingine kwa majina tofauti. Mwaka 2001, kwa jina la The Other People Place, alitoa albamu ya taratibu yenye hisia za mapenzi, ambayo ukiisikia huwezi kudhani ni mtu yule yule.

Hadithi ya watu wa baharini

Mwaka 1997 walitoa mkusanyiko wa vibao vyao ulioitwa The Quest. Ndani ya jalada kulikuwa na maandishi mafupi yaliyoeleza maana ya jina Drexciya, na ndipo wengi waliposhtuka.

Maandishi yale yanaanzia kwenye jambo la kweli. Katika biashara ya utumwa ya Bahari ya Atlantiki, Waafrika zaidi ya milioni 12 walipakiwa melini kupelekwa Amerika. Zaidi ya milioni moja walifia njiani, na wengine walitupwa majini. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Kiingereza iitwayo Zong waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130. Baadaye wenye meli walidai fidia ya bima, kama mtu anayedai mzigo uliopotea.

Drexciya wakauliza: je, kati ya waliotupwa, wale akina mama wajawazito? Mtoto tumboni huishi ndani ya maji bila kuvuta hewa. Itakuwaje kama watoto wale walizaliwa huko chini, wakaendelea kupumua majini, wakakua, wakajenga miji na kuwa taifa? Taifa hilo ndilo Drexciya.

Ni hadithi ya kubuni, na haidai kuwa historia. Lakini watu wale hawakuzikwa wala hawana kaburi la kuwekewa hata jiwe, na ndugu zao hawakujua walipoishia. Hadithi hii inakataa waishe hivyo. Mahali pa kifo inaweka uzazi, na mahali pa mizigo iliyotupwa inaweka raia wenye nchi yao.

Jalada hilo lilikuwa pia na ramani 4: biashara ya utumwa, watu weusi wa vijijini Marekani wakihamia miji ya kaskazini, tekno ikitoka Detroit kuenea duniani, na ya mwisho ni safari ya kurudi nyumbani, ambayo bado haijafanyika.

Kilichofuata

Mwaka 1999 walitoa albamu ya Neptune's Lair kupitia lebo ya Tresor ya Berlin, Ujerumani. Septemba 2002 Stinson alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 32 tu, na Drexciya ikaishia hapo. Donald ameendelea na muziki kwa majina mengine, likiwemo Dopplereffekt, na bado hapendi kujitangaza.

Hadithi yao haikuzama. Mchoraji Ellen Gallagher amechora viumbe vya baharini vinavyotokana nayo. Mwaka 2017 kundi la rap la clipping. lilitoa wimbo The Deep kwa msingi huo huo, na mwaka 2019 mwandishi Rivers Solomon akatoa kitabu chenye jina hilo hilo.

Ukitaka kuwasikiliza

Anza na Neptune's Lair, kisha The Quest. Tumia spika za masikioni au redio kubwa, kwa sababu spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi yao, na bila besi utakuwa umesikia nusu tu. Usitafute maneno ya kuimba. Sikiliza jinsi mashine zinavyobubujika, ukikumbuka wanazungumza kwa niaba ya nani.